Kahuzi kwa siku moja: anza kuhesabu kutoka giza

Ndugu zangu, kila mwezi wa sita ukikaribia kuko mtu ananiandikia: "Yaya, tunataka kupanda Kahuzi, tubebe nini?" Ninamtumia orodha, anashukuru, inaishia pale. Lakini ile swali imekaa vibaya. Vya kubeba ni rahisi kupata. Kigumu ni saa. Mimi nilijifunza hiyo kwa goti la mtu mwingine, ndiyo maana leo ninaandika kirefu.

Jambo moja kabla ya yote. Safari mbili nitakazoeleza ni za kabla ya Februari 2025, mwezi vita vilipoingia Bukavu. Na hata zamani za hapo, ndani ya parke watu wa silaha hawakukosekana. Kwa hiyo usitoke nyumbani juu tu umesoma maneno yangu. Uliza walinzi wa parke, uliza watu wanaoishi Miti, wakisema hapana, ni hapana. Hesabu yenyewe itakufaa kwa mlima wowote wa kwetu wenye pori.

Kahuzi ina mita 3,308. Ni volkano iliyozimika zamani, na pamoja na mwenzake Biega, mita 2,790, ndiyo iliipa jina parke iliyoundwa mwaka 1970. Ukitoka Bukavu unapita Mudaka, unafika Miti, pale unaacha barabara ya uwanja wa ndege, unapanda Tshivanga. Kilomita ni 30 na kitu. Pale unalipa na kupewa walinzi, bila wao hauingii. Kisha mnafuata barabara ya Bunyakiri mpaka pale njia ya miguu inapoanza. Tayari uko juu ya mita 2,000, inabaki kupanda kama mita 1,000.

"Mita 1,000 tu?" Nami nilisema vile.

Kuko kanuni moja ya zamani, ya Mskoti William Naismith, ya mwaka 1892. Inasema: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5 za njia, halafu ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Tuseme njia ni kilomita 6. Kilomita zinakupa saa 1 na dakika 12, mita 1,000 zinakupa saa 1 na dakika 40. Jumla ni karibu saa 3. Lakini Naismith alifikiria mtu wa mazoezi kwenye njia nzuri. Hakufikiria potopoto ya kwenye mianzi, ambako unainama, unaruka, mguu unazama, unauvuta na bote inabaki. Wala hakufikiria mtu anayeshinda kwenye kiti kuanzia Juma tatu mpaka Juma tano. Mimi ninaongeza nusu: saa 4 na nusu za kupanda. Kushuka usidanganyike, mizizi yenye maji haina huruma, na watu wengi wanaumia wakirudi, si wakienda. Weka saa 3 na nusu.

Sasa geuza hesabu, ianze mwisho. Sisi tuko karibu na ikweta, jua linazama kwenye 18h00 mwaka wote, tofauti ni dakika chache, na baada ya nusu saa ni giza kabisa. Ndani ya miti giza linatangulia. Kwa hiyo unataka kuwa nje ya pori 16h30, upate nafasi ya makosa. Toa saa 3 na nusu: unaacha kilele 13h00. Toa nusu saa ya kula na kupumua, toa saa 4 na nusu za kupanda: unaanza kutembea 8h00. Ukiweka barabara, karatasi za Tshivanga na yule mwenzenu asiyekosa kuchelewa, unatoka Bukavu 5h30. Ile 13h00 ndiyo saa ya kurudia. Haijali uko wapi. Ikikukuta kwenye kilele, unarudi. Ikikukuta chini ya kilele, unarudi.

Safari ya kwanza tulikuwa tisa, mimi ndiye mpangaji. Hiyo saa ya kurudia nilikuwa nimeitangaza mimi mwenyewe, kwa sauti, asubuhi, kila mtu akitikisa kichwa. Ila tulingojea wawili pale mjini, na miguu ilianza kutembea 9h40. Kwa hesabu niliyowapa hapo juu, kilele kingetukuta 14h10. Mtu aliyesoma kama mimi alitakiwa kuona pale pale kwamba leo kilele hakiko. Sikuona, ama sikutaka.

13h00 ilitukuta tumetoka kwenye mianzi, tuko kwenye vichaka vifupi vya juu, upepo unapita, kilele kinaonekana wazi. Mlinzi alisema dakika 40. Ni dakika 40 za mlinzi, hizo. Dada mmoja tuliyesoma naye alisema, "Saa imefika, turudie." Mwingine akamjibu, "Sasa turudie na tunakiona kile pale?" Wote wakanitazama. Nikasema, "Twende, haraka haraka."

Tulifika 14h10, kama hesabu ilivyosema. Sikatai, ni pazuri: pale juu kuna senesio kubwa, Senecio kahuzicus, mmea unaochukua jina la mlima wenyewe, na siku ile ziwa Kivu lilionekana lote. Picha ziliendelea mpaka 14h45. Mvua ilitukamata 15h30 na ikageuza njia kuwa mfereji. Giza lilitukuta ndani ya mianzi, watu tisa na tochi mbili, moja ikiwa simu yangu yenye asilimia 11. Aliyeanguka ni yule yule dada aliyesema turudie. Goti liligeuka. Mlinzi mmoja na baba mmoja aliyetubebea mizigo walimshika huku na huku mpaka barabarani, tukatokea karibu 20h00. Yule baba ni Mutwa. Wazazi wake walikuwa kati ya familia za Batwa zilizoondolewa mule porini miaka ya 1970, na ndiye aliyejua wapi pa kuweka mguu gizani. Mimi na diploma yangu nilishika fimbo.

Basi vya kubeba, haraka. Tochi moja kwa kila mtu, hata kama unapanga kurudi mchana. Maji lita 4 kwa kila mmoja, nusu lita kwa saa ni kiasi kizuri. Mayai, viazi vitamu, karanga, ndizi. Usipande na jinsi: ikilowa inakuwa nzito na haikauki. Kumbuka kila mita 100 za kupanda zinapunguza joto karibu nyuzi 0.65, maana yake kati ya ziwa na kilele unapoteza kama nyuzi 12, bado upepo. Beba mupira mmoja ndani ya mfuko wa plastiki, uvae juu, si njiani. Bote za mpira kwa potopoto ni sawa kama zimekukaa, zikiwa kubwa zitakuvunja. Kichwa kikianza kuuma juu, punguza mwendo. Pale hewa ina karibu theluthi mbili tu ya oksijeni ya pwani. Kikizidi, au ukianza kutapika, unashuka, hakuna mjadala. Chagua Juni mpaka Agosti, na hata hapo mawingu yanapenda mchana.

Na mwache mtu chini mwenye saa zenu zote kwenye karatasi, anayejua kwamba ikifika 17h30 hamjatokea, anaenda kwa walinzi. Watu wengi wanaruka hii.

Safari ya pili nilimwomba yule dada anisamehe, halafu nikamwomba atupangie. Alikataa kupanda, goti bado linamsumbua mvua ikikaribia, lakini alikubali kukaa Tshivanga na daftari. Tulitoka Bukavu 5h15. Mmoja hakuonekana, hatukumngojea, alikasirika mwezi mzima. Kilele tulikifikia 11h50. Ukungu mtupu, hata mwenzangu wa mita 5 sikumwona vizuri. Tulikula mayai, 12h30 tukashuka.

Tulitokea 16h10. Alikuwa amekaa kwenye benchi anakula sambaza. Alitazama saa, akaandika kwenye daftari, akafunga kalamu.

"Na picha iko wapi?"

Nilimpa simu. Nyeupe, pembe kwa pembe.