Wanaosomea tiba ya mionzi wafunzwe pia kusema na mgonjwa

Mpwa wangu alihitimu shahada ya tiba ya mionzi na utunzaji wa wagonjwa wa saratani katika chuo kikuu kimoja nchini Uingereza. Kwa miaka mitatu alisomea fizikia ya mionzi, maumbile ya mwili wa binadamu, tabia za seli zinapougua, na namna ya kumlaza mgonjwa chini ya mashine pasitokee kosa hata la milimita chache. Takriban nusu ya muda huo aliutumia hospitalini, kwani kazi hii haifundishiki kwa vitabu pekee. Aliporejea nyumbani na kuajiriwa katika hospitali moja jijini Nairobi, sote katika ukoo tuliamini kwamba masomo yamekwisha.

Jioni moja alinijia akiwa ameinamisha kichwa. Mama mmoja kutoka Kitui, mwenye saratani ya mlango wa kizazi, alikuwa amepangiwa matibabu ya siku 25, yaani siku tano kila juma kwa majuma matano. Siku ya kumi na moja hakuonekana. Alipopigiwa simu alijibu kwa upole: "Mwanangu, mmenipiga picha siku kumi nzima na hamjaanza kunitibu. Nauli imeniishia. Mkishaujua ugonjwa wenyewe mtaniita."

Msomaji asiharakishe kumcheka mama huyu. Alifikiri sawasawa, kwa kutumia maarifa aliyokuwa nayo. Mashine ya tiba ya mionzi haina tofauti kubwa, kwa jicho la mgeni, na ile ya eksirei. Mgonjwa hulazwa juu ya kitanda chembamba, huambiwa asitikisike, wahudumu hutoka na kufunga mlango mzito, mashine huzunguka na kunguruma kwa dakika chache, kisha wahudumu hurudi na kusema, "Haya mama, tumemaliza, tuonane kesho." Haumwi na chochote. Hamezi chochote. Hata cheo cha mpwa wangu kwa Kiingereza ni kile kile cha mpiga picha za eksirei, ila kimeongezewa kivumishi cha tiba ambacho mgonjwa hakisikii. Siku ya kwanza mama huyo aliambiwa, "Tutakuweka kwa mashine." Mashine ya kufanya nini? Hakuna aliyemwambia, na yeye kwa adabu hakuuliza.

Nikamsihi mpwa wangu anieleze wagonjwa wenyewe huiitaje tiba hii wanapozungumza kwenye foleni. Akajibu bila kusita: "Kuchomwa, mjomba."

Hapo ndipo mwalimu wa isimu alipozinduka. Kitenzi kuchoma kina maana nyingi. Mwiba huchoma, sindano huchoma, jua huchoma, na moto huchoma. Anayeambiwa kwamba kesho atachomwa huweza kutarajia sindano, naye atakuja bila wasiwasi na kushangaa haioni. Jirani yake aliyesikia neno lilo hilo atafikiria makaa na nyama, na yamkini hatakuja kabisa. Wapo wanaokimbilia kwa waganga kwa sababu ya kitenzi kimoja! (Ni haki kusema kwamba neno lenyewe si la uongo mtupu: baada ya majuma kadhaa ngozi iliyopitiwa na mionzi huweza kuwa nyeusi na hata kubambuka. Hata hivyo, tiba yenyewe inapotolewa haisikiki.)

Kwa hiyo, mgonjwa wetu amekwama kati ya maneno mawili. Moja linamwambia kwamba hatibiwi, ila anapigwa picha; la pili linamwambia kwamba atateketezwa.

Kadhia hii ingekuwa ya kuchekesha tu lau siku zilizopotea zingeweza kufidiwa kwa urahisi. Mpwa wangu alinieleza kwa nini dozi hugawanywa vipande vidogo vidogo. Mionzi huharibu kiini cha seli zote inazozigusa, ziwe nzima au zenye maradhi. Ila seli nzima zikipewa mapumziko ya usiku hujitengeneza vizuri zaidi kuliko zile zenye saratani. Pigo la kesho huzikuta za saratani zikiwa zingali zimelemaa, na la keshokutwa vivyo hivyo. Mgonjwa akitoroka katikati, seli za saratani zilizosalia hupata nafasi ya kuzaana upya. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, madaktari hujitahidi kumaliza matibabu yote, pamoja na ile sehemu ya kuingiza chanzo cha mionzi ndani ya mwili, katika muda usiozidi majuma manane. Mama wa Kitui alirudi baada ya majuma matatu, na mpango wake ukalazimika kuandikwa upya.

Si yeye peke yake. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalionyesha kwamba watu wapatao 42,000 walipatikana na saratani nchini Kenya mwaka huo, na takriban 27,000 wakafariki. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoua wanawake wengi zaidi miongoni mwa saratani zote hapa kwetu. Kwa miaka mingi Hospitali Kuu ya Kenyatta ndiyo ilikuwa hospitali pekee ya umma yenye mashine za tiba ya mionzi, na katika miaka ya karibuni huduma hiyo imesogezwa hadi Mombasa, Nakuru na Garissa. Ni jambo la kushukuriwa. Lakini mashine haisemi. Atakayesema na bibi wa Garissa ni kijana aliyesomeshwa kila kitu kwa Kiingereza, tangu jina la mfupa hadi salamu ya kumkaribisha mgonjwa.

Sheria yetu haina utata juu ya jambo hili. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa habari za hali yake na matibabu yake kwa lugha anayoielewa, inapowezekana, na kwa kuzingatia kiwango chake cha kisomo. Nauliza basi: katika vyuo vyetu vinavyowaandaa wataalamu wa mionzi, ni wapi mwanafunzi anapotahiniwa kwa Kiswahili? Anatahiniwa namna ya kukokotoa dozi. Atahiniwe pia namna ya kumweleza mgonjwa dozi hiyo, mbele ya mwalimu, kwa Kiswahili, na akishindwa arudie. Sidhani kwamba hilo ni dogo kuliko hesabu.

Nasi wanaisimu tuna lawama yetu. Mpwa wangu aliponiomba nimwandikie karatasi ya kuwapa wagonjwa siku ya kwanza, nilijifungia na kamusi za sayansi na kumletea matini safi kabisa, yenye mnururisho, unururifu na mgao wa kipimo. Aliisoma, akacheka hadi machozi, kisha akaketi na kuandika yake: "Mama, hii si picha. Hii ni dawa, ingawa huioni. Haitakuuma ukiwa kitandani. Dozi yake ni siku ishirini na tano, kama vile vidonge vya malaria visivyoachwa katikati. Leo umemeza ya kwanza."

Nilimwambia kwamba mionzi haimezwi, nikasahihisha nikaweka "umepokea". Juma lililofuata alinirejeshea nakala. Neno langu lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu, na "umemeza" imerudishwa mahali pake.