Feni Iliyochoka Si Kompyuta Iliyokufa

Julai ni mwezi wa baridi mjini Nyeri. Ukungu hautoki mapema, makoti hayavuliwi, na sisi tuliozaliwa Mombasa hudhani kwamba huku hakuna chombo kinachoweza kuzidiwa na joto. Nami nilidhani hivyo, hadi kompyuta yetu ya mezani ilipoanza kuzima ghafla.

Kwa kompyuta hiyo ninawapigia chapa majirani wa Majengo barua na maombi ya kazi, na mapato yake ndiyo karo ya binti yangu. Ilianza kwa kukoroma asubuhi, ikawa nzito, kisha ikawa yazima kila robo saa. Fundi wa kwanza alisema ubao mkuu umekufa, tununue nyingine. Binti yangu hakuridhika. "Mama," akaniambia, "kilichokufa hakifufuki kila kikipoa."

Alisema kweli. Ndani ya kasha mna feni inayopuliza joto la prosesa. Feni ikilegea na joto likikaribia nyuzi 100, prosesa nyingi hujipunguzia kasi, kisha hujizima zisiungue. Na Nyeri, iliyo takriban mita 1,750 juu ya bahari, ina hewa nyepesi, isiyobeba joto sana kama hewa ya pwani. Baridi hufidia upungufu huo, lakini pia hutufanya tusukume mashine ukutani, mahali isipopumua. Kiangazi huongeza vumbi jekundu, nayo baridi ya alfajiri huyafanya mazito mafuta yaliyokwisha kukauka ndani ya feni. Ndiyo sababu ya kukoroma.

Tuliichunguza wenyewe. Tulizima, tukachomoa plagi, tukabonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliosalia uishe, tukagusa chuma cha kasha kabla ya kushika kitu. Tuliondoa vumbi kwa brashi laini, huku tumeyashika mapanga ya feni yasizunguke. Kisha tukayasukuma kwa kidole. Feni nzima huzunguka kimya na kusimama taratibu. Yetu ilikwaruza na kukwama mara moja.

Hata hivyo, kosa laweza kuwa kwenye soketi. Tuliazima feni nzima, tukaichomeka pale pale, ikazunguka. Basi mgonjwa akajulikana.

Kabla ya kununua, pima upana wa feni: nyingi ni milimita 80, 92 au 120. Hesabu matundu ya plagi yake, 3 au 4, na usome volti zilizoandikwa, aghalabu 12. Kumbuka upande ilikopuliza ya zamani, mpya ielekee huko huko. Ukilazimika kuling'oa bamba la chuma lililo juu ya prosesa, futa ute uliokauka na upake mpya wa kupitisha joto. Lakini kisanduku cha umeme usikifungue kamwe, hata kikiwa kimechomolewa, kwani hubaki na umeme wa kudhuru. Hicho mwachie fundi.

Leo mashine yetu i kimya, imesogezwa mbali na ukuta, na barua za majirani hazikatizwi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta; nasi tulikaribia kujenga ukuta mzima kwa ajili ya ufa wa feni.