Chujio la Kahawa Nyumbani na Jinsi ya Kulitunza

Ni jambo la ajabu kidogo ya kuwa katika nchi yetu ya Kenya, ambayo kahawa yake husifiwa na wanunuzi wa Ulaya, Marekani na Japani, watu walio wengi hunywa chai. Mkulima huamka kabla ya jua kuchomoza, huchuma matunda mekundu mchana kutwa, huyapeleka kiwandani cha chama cha ushirika, kisha hurudi nyumbani akanywa chai ya maziwa. Akitaka kahawa, hununua ile ya kopo, huikoroga katika maji ya moto, naye hudhani ya kuwa hiyo ndiyo ladha ya kazi ya mikono yake. Mimi nami nilidhani hivyo mpaka nilipotimiza miaka thelathini, ingawa nililelewa katikati ya mibuni.

Babu yangu aliipanda mibuni hiyo katika vilima vya Embu katika miaka ya 1950. Wasomaji wengi wanajua ya kuwa kahawa ililetwa Kenya na wamisheni, nao waliipanda huko Bura katika nchi ya Taita mwaka wa 1893; lakini kwa miaka mingi Waafrika hawakuruhusiwa kuilima. Ruhusa ilianza kutolewa kidogo kidogo katika miaka ya 1930, Meru, Embu na Kisii, ikapanuliwa sana baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Basi miti ile si miti tu kwa watu wa nyumba yetu. Hata hivyo, mwaka juzi baba yangu alitangaza ya kuwa amechoka. Malipo huchelewa, dawa ni ghali, vijana hawataki kuchuma. Naye alikusudia kuing'oa mistari mitatu ya upande wa mto apande migomba na majani ya ng'ombe.

Sikuwa na haki ya kumpinga, maana mimi ni karani wa serikali mjini Nairobi, na jembe langu ni kalamu. Ila niliona si vyema ang'oe kitu ambacho hajapata kukionja. Nikaamua kumpelekea kahawa iliyopikwa sawasawa kwa chujio langu.

Kwa wale wasiolijua, chujio hili ni chombo kilicho mfano wa koni, chenye tundu chini, kiwekwacho juu ya kikombe au jagi. Ndani yake hutiwa karatasi maalumu, na ndani ya karatasi kahawa iliyosagwa. Kisha humiminwa maji ya moto taratibu kutoka katika birika. Maji hupita, machicha hubaki. Aliyeanzisha ufundi huu ni mama mmoja wa Dresden huko Ujerumani, jina lake Melitta Bentz. Alichukizwa na machicha yaliyomkaa mdomoni, akatoboa mkebe wa brasi kwa msumari, akatandika ndani yake karatasi ya kukaushia wino aliyoichukua katika daftari la mwanawe la shule. Mwaka wa 1908 serikali ya huko ilimwandikia hati ya kuulinda uvumbuzi wake. Mimi niliyefanya kazi miongoni mwa wino na mafaili nafurahi sana kwamba kitu kilichozaa haya yote ni karatasi ya kukaushia wino. Baadaye, mwaka wa 1941, mtaalamu wa kemia aliyeitwa Peter Schlumbohm alitengeneza huko Marekani chombo cha kioo kiitwacho Chemex, chenye kiuno chembamba. Na siku hizi chujio la koni lipendwalo sana ni lile la V60 la kampuni ya Hario ya Japani. Jina lake latokana na pembe yake ya digrii 60.

Ndugu zetu wa Mombasa na Lamu watacheka, kwa kuwa wao wana dele lao la shaba na mkaa wake, na kahawa chungu ya tangawizi, na muuzaji agonganishaye vikombe barazani. Kahawa ile haihitaji karatasi. Machicha hutua chini yenyewe. Sibishani nao. Lakini anayetaka kuijua tabia ya kahawa yenyewe, bila tangawizi wala sukari, hana budi kuichuja.

Basi nilifunga safari ya kwenda nyumbani Jumamosi moja. Nilitia katika mfuko chujio langu la plastiki, karatasi, kinu kidogo cha mkono cha kusagia, na pakiti ya kahawa nzuri niliyoinunua kwa shilingi nyingi kuliko nilivyothubutu kumwambia mama. Nikapika mbele ya wazee, nikijivuna kama mwalimu mbele ya ubao. Baba alionja. Akakiweka kikombe mezani polepole, akasema kwa upole, ‘Mwanangu, hiki ndicho tulichokuwa tukikilinda miaka yote hii?’ Nikaonja mimi. Kahawa ilikuwa na harufu ya sabuni ya kuogea, na chini yake uchungu wa mafuta yaliyooza. Sikuwa na la kumjibu.

Usiku ule sikulala vizuri, nikachunguza vyombo vyangu. Kosa lilikuwa langu mwenyewe. Kahawa ina mafuta ndani yake. Mafuta hayo hushika kila kitu yanachopita: plastiki, kioo, udongo wa kaure, hata meno ya kinu. Mimi kwa mwaka mzima nilikuwa nikilisuuza chujio kwa maji ya baridi na kulifuta kwa kitambaa, nikaridhika. Nilipopitisha kidole ndani yake, katika ile mifereji midogo, kidole kilitoka na utando wa rangi ya kahawia, unaonuka kama ufuta uliosahauliwa. Na zile karatasi nilizisafirisha bega kwa bega na kipande cha sabuni yenye manukato. Karatasi ya kuchujia hunyonya harufu upesi sana, iwe ya sabuni, ya kitunguu au ya mafuta ya taa. Yafaa ikae ndani ya bati lenye kifuniko, mbali na viungo vya jikoni.

Tangu siku hiyo nafuata desturi nyingine. Mara kahawa imalizapo kudondoka, naitoa karatasi pamoja na machicha yake, na vyote viwili navitupa katika shimo la mbolea, kwa maana huoza vizuri. Kisha nasuuza chujio kwa maji ya moto papo hapo, kabla mafuta hayajaganda. Jioni nalisugua kwa sponji laini na sabuni kidogo isiyo na manukato, nikasuuza sana. Steli wulu haifai hata kidogo kwa plastiki, kwa kuwa huikwaruza, na kila mkwaruzo huwa nyumba mpya ya mafuta. Mara moja kwa juma nalilowesha, pamoja na jagi, katika maji ya moto yenye kijiko cha soda ya kuokea mikate kwa dakika ishirini hivi. Atakayefanya hivyo mara ya kwanza atashangaa kuona rangi ya maji.

Chujio la kaure au la kioo halishiki mafuta sana kama la plastiki, nalo lapendeza macho, lakini lataka adabu. Ukilimiminia maji yachemkayo likiwa baridi kwa asubuhi ya Julai, laweza kupasuka. Lipashe kwanza kwa maji ya uvuguvugu. Hata hivyo, mtu asidharau la plastiki. Halinyang'anyi maji joto lake, na likianguka sakafuni unaliokota tu.

Birika nalo lina ugonjwa wake. Wanaotumia maji ya visima virefu hulijua lile gamba jeupe linaloganda ndani, ambalo ni chokaa na madini mengine. Gamba hili hukawiza kuchemka, tena vipande vyake huingia katika kahawa. Dawa yake ni siki na maji, sehemu sawa kwa sawa. Vichemshwe pamoja, viachwe nusu saa, kisha birika lisuuzwe mara mbili au tatu. Ndimu pia husaidia gamba likiwa jembamba. Kinu cha kusagia kisitiwe maji kamwe, kwani meno ya chuma hushika kutu. Kisuguliwe kwa brashi kavu, na mara kwa mara kifunguliwe vumbi la zamani litolewe.

Sasa upishi wenyewe. Kwa kikombe kimoja natumia gramu 15 za kahawa kwa gramu 240 za maji. Asiye na mizani achukue vijiko vitatu vya mezani visivyofurika, ingawa mizani ndogo ya jikoni itampunguzia ubishi mwingi. Kahawa isagwe wakati wa kupika, wala si juzi yake, nayo iwe kama mchanga usio laini sana. Mwenye kinu na mchi wa nyumbani aweza kujaribu, lakini atapata unga na mawe pamoja, na kikombe chake kitakuwa kichungu na kichachu kwa wakati mmoja.

Kuhusu maji, vitabu vya Ulaya huagiza ya kuwa yakisha kuchemka yaachwe yapoe kidogo mpaka kama digrii 93 au 95. Agizo hilo limeandikwa na watu wakaao karibu na usawa wa bahari. Mombasa ni sawa, maana huko maji huchemka kwa digrii 100. Lakini kadiri tunavyopanda milima maji huchemka kwa joto dogo zaidi, karibu digrii moja pungufu kwa kila mita 300. Nairobi yachemka kwenye digrii 94 au 95, na Embu kama 95. Basi sisi wa bara tusingoje! Tuyamimine yanapotokota. Nilipoteza miezi mingi nikitii kitabu na kunywa kahawa iliyopooza.

Kwanza mwagia karatasi tupu maji ya moto ili iondoke ladha yake na chombo kipate joto, ukayamwage maji hayo. Tia kahawa, uisawazishe, kisha mimina maji machache tu, kiasi cha kuilowesha, ukangoje nusu dakika. Kahawa iliyokaangwa karibuni itavimba na kutoa mapovu kama unga wa mandazi uliokolea hamira; hiyo ni hewa iliyofungiwa ndani yake tangu kukaangwa, nayo yataka kutoka kabla maji hayajaweza kuingia vema. Isipovimba, jua ya kuwa umeuziwa kahawa iliyokaa dukani muda mrefu. Baada ya hapo mimina kwa mzunguko, uzi mwembamba wa maji, kwa awamu mbili au tatu. Kazi yote ichukue kama dakika tatu. Ikipita upesi mno, saga laini zaidi; ikikwama mpaka dakika tano, saga nene.

Mwezi uliofuata nilirudi Embu. Safari hii karatasi zilikuwa ndani ya bati, na chujio halikuwa na harufu yoyote. Baba alikubali kuketi, nadhani kwa huruma tu. Alionja, akanyamaza, akaonja tena ilipopoa kidogo, ambapo uchachu wake mtamu kama wa zambarau hutokea. Akaniuliza, ‘Hii ni ya shamba la nani?’ Nikamweleza ya kuwa pakiti haisemi shamba, ila kiwanda, kwa kuwa matunda ya wakulima wote wa kiwanda huchanganywa pamoja. Akaichukua pakiti, akaisogeza mbali na macho yake kama wazee wasomavyo, akalisoma jina. Kilikuwa kiwanda cha ng'ambo ya bonde, ambacho wakulima wake yeye huwadharau. ‘Hawa?’ akasema. ‘Hawa huchuma hata matunda mabichi.’

Mama alikataa katakata kununuliwa karatasi, akisema si jambo la akili kununua kitu cha kutupa. Akachukua kipande cha amerikani nyepesi iliyochakaa, akakichemsha kwanza kuondoa sabuni na vumbi, akakishona mfano wa koni ikae ndani ya chujio. Kitambaa chafaa kabisa, ila hupitisha mafuta mengi zaidi ya kahawa kuliko karatasi, na daktari aliyemkanya mtu juu ya kolesteroli angependa zaidi karatasi. Nacho chataka uangalifu mkubwa kuliko chombo chochote nilichokitaja: kisifuliwe kwa sabuni, kisuuzwe mara moja baada ya kazi, kichemshwe kwa maji matupu kila juma, na kati ya siku na siku kilale ndani ya maji safi ya baridi yanayobadilishwa kila asubuhi. Kikiachwa kikauke na mafuta yake, kitaharibika. Mama amekiwekea bakuli lenye kifuniko mahali penye baridi, na wajukuu wamekatazwa kuligusa.

Chujio la plastiki nililiacha huko, nikajinunulia jingine. Kila nipigapo simu baba huniuliza kama nimepata pakiti ya kiwanda chetu wenyewe, nami naendelea kuitafuta madukani. Mistari mitatu ya upande wa mto ingali imesimama. Majani ya ng'ombe yamepandwa penginepo, na juu ya habari hiyo baba hajaniambia neno.