Gari Linakula Oili? Pima Kwanza Kabla Hujafungua Injini

Leo tuache migomba kidogo tuongee gari, maana naona wengi wenu faida ya shamba inaishia gereji.

Kuna kijana wa Muleba anafuga kuku wa mayai. Ana Alphard ya mtumba, injini ya 2.4. Ameng'oa viti vya nyuma, anapakia trei za mayai kupeleka Bukoba mjini mara mbili kwa wiki. Siku moja akanipigia: "Bwana shamba, gari linakula oili. Fundi kasema nitafute injini nyingine." Hela aliyokuwa nayo ni ya vifaranga 500 alivyokwisha agiza.

Nikamuuliza, "Linakula kiasi gani?" Akajibu, "Nyingi."

Huyu huyu ana daftari la kuku. Anajua kila siku wametaga mayai mangapi na wamekula kilo ngapi. La oili hana!

Shambani haya tunayajua. Tangu mnyauko wa migomba uingie Kagera mwaka 2006, tumejifunza kwamba jani la njano peke yake halitoshi. Unakata shina, unaangalia kama linatoa usaha wa njano. Na injini ni hivyo hivyo.

1. Pima

Egesha sehemu tambarare, zima, subiri dakika kumi. Jaza oili mpaka alama ya F kwenye stiki, andika kilomita. Kila ukijaza mafuta angalia stiki, na ukiongeza oili andika. Ikifika kilomita 1,000, egesha pale pale, rudisha mpaka F kwa chupa safi yenye alama za mililita. Jumlisha.

Toyota Marekani ilihesabu kwamba robo galoni (karibu lita moja) kwa maili 1,200 imezidi. Kwa hesabu zetu ni kama nusu lita kwa kilomita 1,000. Alphard ya kijana ilikula lita 1.2.

2. Tafuta uvujaji

Safisha injini, kisha laza boksi la karatasi chini ya gari usiku. Kagua gaskiti ya tapeti kava, filta, nati ya sampu na sili za krenki. Yake ilikuwa kavu kabisa. Kwa hiyo oili ilikuwa inaungua ndani.

3. Soma moshi

Moshi wa bluu ni oili. Mwambie mtu aangalie ekzosi asubuhi ukiwasha. Ukifuka kidogo halafu ukaisha, shuku sili za valvu. Mteremko wa kutoka Kamachumu kuja Muhutwe ni kipimo kizuri: shuka bila kukanyaga mafuta, gari likiwa kwenye gia, ukifika chini kanyaga. Wingu la bluu hapo nalo linaelekea kwenye sili za valvu. Moshi ukitoka muda wote unapopanda na mzigo, shuku ringi.

Ila msidanganyike: magari ya kisasa yana kichujio kwenye ekzosi kinachoweza kuficha moshi. Kutouona si ushahidi kwamba oili haiungui.

4. Anza na kitu cha bei ndogo

Kuna valvu ndogo inaitwa PCV, inayorudisha hewa chafu ya injini ikaungue. Ikiziba au kukwama, injini inaweza kunyonya oili. Ing'oe, itikise. Nyingi zikiwa nzima zinalia "tik tik". Ya kijana haikulia. Tukabadilisha, tukapima tena kilomita 1,000: lita 0.8. Imepungua, lakini bado imezidi.

5. Ringi

Hapo ndipo fundi mwenye geji anapima kompresheni. Na hapa wengi wanakosea: kompresheni ikiwa nzuri haimaanishi ringi zote ni nzima. Ringi ya chini, ile ya kukwangua oili, inaweza kukwama kwa masizi huku zile za juu zinafanya kazi vizuri.

Injini yake, 2AZ-FE, inajulikana kwa hilo. Mwaka 2015 Toyota iliongeza dhamana Marekani kwa Camry za 2007 hadi 2009 na magari mengine yenye injini hiyo, ikawa inabadilisha pistoni na ringi. Mitumba yetu kutoka Japani haimo kwenye mpango huo, lakini somo tunalipata: tatizo ni pistoni na ringi, siyo lazima injini nzima. Na injini ya mtumba ya aina ile ile inaweza kuja na ugonjwa ule ule.

Kijana aliamuaje?

Alilipia vifaranga. Anatembea na lita moja ya oili kwenye gari, anaangalia stiki kila safari, na ringi atafanya akiuza kuku wazee. Nilimwambia ukweli: asichelewe sana, oili inayoungua inaharibu plagi na kile kichujio cha ekzosi.

Na asisubiri taa. Ile taa nyekundu ya oili ni ya presha, si ya kiasi. Ikiwaka barabarani zima injini hapo hapo, la sivyo inanoki na trei zako ndani.

Kwa hiyo vijana, kwenye daftari la shamba ongezeni ukurasa mmoja: tarehe, kilomita, oili iliyoongezwa. Fundi akikwambia "injini imekufa", mfungulie ukurasa huo kwanza, halafu mzungumze.

Tuonane shambani.