Toa Vyombo Kabatini, Mtoto Apate Sahani Yake

Leo sitaanza na ugonjwa. Naomba uangalie ile kabati ya sebuleni. Kuna sahani za maua, bakuli za glasi, vikombe na birika lake, vyote vimefunikwa vitambaa vya kufumwa. Ni vya wageni. Sasa jiulize, wageni hao walikuja lini mara ya mwisho?

Nauliza kwa sababu ya mama mmoja aliyekuja kliniki na mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Tulimpima uzani, tukaangalia kitabu cha mama na mtoto. Mwezi wa tatu mfululizo, alama iko palepale. Hakuwa na homa wala kuhara. Mama akaniambia, "Sista, chakula kipo," nami nikamwamini. Jioni moja nilipomtembelea nyumbani ndipo nikaelewa. Watoto wanne walizunguka sinia moja ya ugali na maharagwe. Wakubwa walishameza tonge la tatu, mdogo bado anapuliza la kwanza. Baada ya dakika chache sinia ilikuwa tupu. Na nyuma yao, kabati imejaa sahani!

Msinielewe vibaya. Kula sinia moja kuna upendo wake, na wengi wetu tumelelewa hivyo. Shida ni kwamba mtoto mdogo hawezi kushindana na ndugu zake, na mama hawezi kujua amekula kiasi gani. Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima cha robo lita kila mlo, mara tatu au nne kwa siku, na kitu kidogo katikati kama ndizi au kipande cha parachichi. Maziwa ya mama yanaendelea.

Huna kikombe cha kupimia? Chukua kopo la siagi la gramu 250 lililoisha, lioshe vizuri, ujaze maji. Hiyo ni karibu robo lita. Mimina maji hayo katika bakuli la mtoto na uangalie yamefika wapi. Sasa unajua kipimo chake. Lakini usimpe uji wa moto katika kopo hilo la plastiki, halikutengenezwa kwa joto.

Basi siku hiyo mimi na yule mama tukafungua kabati. Kila mtoto akachagua sahani yake. Tukachukua bakuli dogo, tukalilowesha maji, tukashindilia ugali na kulipindua: kila mmoja akapata ugali wake mdogo wa mviringo. Maharagwe kando, sukuma wiki kando, vipande vya nyanya juu. Leso kuukuu ikatandikwa juu ya mkeka. Chakula kilikuwa kilekile cha kila siku, lakini watoto waliuliza kama leo ni Krismasi. Mdogo alimaliza chake, tena akanyoosha sahani aongezwe. (Sahani ya glasi ikivunjika, mtoto anaumia, kwa hiyo wadogo wape zile za bati au za plastiki ngumu. Za glasi watumie watu wazima.)

Wazee, nanyi msitoroke. Baba akiketi na watoto, akiwaongelesha, mtoto hula zaidi kuliko akishurutishwa au akichapwa. Hata redio izimwe wakati huo, ila si sasa hivi!

Vitu vingine vilivyorundikana nyumbani vina kazi pia. Gorogoro la zamani litoboe tundu dogo ubavuni karibu na chini, uzibe kwa kijiti, ulitundike mlangoni na kipande cha sabuni. Mtu akichomoa kijiti maji hutiririka, ananawa kabla ya kula. Gunia la mahindi lililochakaa lijaze udongo na mbolea, katikati uweke mawe ya kupitishia maji, utoboe pande zote. Terere ukiipanda hapo, baada ya wiki tatu au nne unachuma. Unapopika mboga hizo, kamulia ndimu mezani, maana husaidia mwili kupata madini ya chuma. Chai iache mpaka baadaye, kwa kuwa huzuia madini hayo.

Lakini si kila chombo kinafaa kurudi jikoni, na hapa naomba usikilize kwa makini. Tulipokuwa tukipanga vitu, chini ya meza nikakuta chupa ya soda yenye mafuta taa. Nikashtuka. Nimewahi kumpokea mtoto wa miaka miwili aliyekunywa mafuta taa akidhani ni maji. Alikuwa anahema kama aliyekimbia, midomo imeanza kubadilika rangi. Mafuta yale yanapoingia mapafuni, mtoto hupata shida kubwa ya kupumua. Kwa hiyo usimtapishe. Usimpe maziwa. Mpeleke hospitali mara moja, ukiwa na ile chupa. Mafuta taa yakae katika mtungi wake maalum wenye kifuniko kinachobana, mahali pa juu, mbali na jiko. Kamwe yasikae katika chupa ya soda au ya maji.

Mitungi ya dawa za shamba nayo usiitumie kwa maji, maziwa wala mafuta ya kupikia, hata ukiisugua kwa majivu siku nzima. Dawa hunywea ndani ya plastiki. Ioshe mara tatu, maji hayo yaingie katika bomba la kunyunyizia shambani, kisha itoboe ili mwingine asiiokote. Mikebe ya rangi ya nyumba pia isipikiwe wala kuhifadhia unga.

Yule mama alirudi kliniki mwezi uliofuata. Alama kitabuni ilikuwa imepanda, si sana, lakini imepanda. Akaniuliza wageni wakija atawapakulia wapi. Nikamwambia wataoshewa sahani za watoto.

Wiki ijayo, panapo majaliwa, tutazungumza kuhusu maji ya kunywa. Kama mtoto wako hajapimwa mwezi huu, mlete kesho asubuhi, na kitabu chake usisahau.