Jahazi la Babu na Rimoti ya Mjukuu



Msimu wa kusi wa mwaka jana jahazi dogo la mbao, lenye urefu wa sentimita 90, liliondoka ufukweni mbele ya macho yetu na halikurudi. Lilichongwa na baba yangu, ambaye umri wake wote ameumaliza katika useremala wa vyombo, akampa mjukuu wake wa miaka 14. Kijana, kwa pupa ya ujana, alitia ndani yake vifaa alivyong'oa katika gari la kuchezea. Hatua kama hamsini kutoka nchi kavu chombo kikaacha kutii. Tanga limejaa, usukani umenyooka, upepo unasukuma kutoka nyuma. Tulilitazama hadi likawa doa jeupe, kisha adhana ya Alasiri ikatuita. Babu hakumlaumu mtu. Baada ya mwezi akaanza kuchonga la pili, ingawa mikono yake sasa hutetemeka, na akatuambia wazi kwamba hili ndilo la mwisho.

Kwa hiyo safari hii uchaguzi wa vifaa haukuachiwa mtoto peke yake.

Kosa la kwanza lilikuwa rimoti yenyewe. Rimoti ya gari hushikwa kama bastola, na kifyatulio chake hurudi katikati kila ukikiachia. Hilo lafaa kwa gari. Tanga lahitaji kukaa pale pale ulipoliacha, liwe limevutwa au limelegezwa, wakati wewe unashughulikia usukani. Tafuta rimoti ya fimbo mbili, ambayo fimbo moja hurudi katikati kwa ajili ya usukani na ya pili hubaki ilipowekwa. Rimoti zinazotengenezwa kwa ajili ya ndege ndogo nyingi zimeundwa hivyo, na hufanya kazi vizuri baharini.

Rimoti nyingi za siku hizi hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4. Zile za kale za megahezi 27 zilikuwa na adha moja: watu wawili wakitumia mkondo mmoja wa mawimbi, kila mmoja huvuruga chombo cha mwenziwe. Hizi mpya hufunganishwa na kipokezi chake, na vyombo vingi vyaweza kuelea pamoja. Lakini mawimbi haya hayapenyi maji. Kipokezi kikiwekwa chini kabisa katika ngama, rimoti ya bei kubwa nayo itakuwa bubu. Antena ipande juu ya usawa wa maji. Sisi tumeipitisha kando ya mlingoti.

Sasa tuje kwenye nguvu, mahali ambapo wazazi wengi hupoteza fedha. Sevo ni kisanduku chenye mota na mkono mdogo unaogeuka hadi pale ulipoamrishwa na kubaki hapo. Kwa usukani, sevo ya kawaida yenye nguvu ya kilogramu 3 kwa sentimita yatosha. Kwa demani, kamba inayovuta na kulegeza tanga, hesabu hubadilika. Jahazi letu lilihitaji demani isogee kiasi cha sentimita 30. Mkono wa sentimita 10 ukigeuka robo ya mduara huvuta sentimita 14 tu, na nguvu yake pale nchani imebaki gramu 300, kwa kuwa mkono mrefu hula nguvu. Ukikunja kamba mara mbili utapata sentimita 28, lakini mvuto umeshuka hadi gramu 150. Upepo wa kusi hautajali.

Tukachukua winchi ya tanga, ambayo ni sevo yenye gurudumu la kukunjia kamba. Gurudumu la kipenyo cha sentimita 4 likizunguka mara tatu hukusanya sentimita 37 na zaidi. Winchi ya kilogramu 7 kwa sentimita huvuta kilogramu 3 na nusu. Ni ghali kuliko sevo, na hapo ndipo ningemshauri mzazi aweke fedha zake. Sioni israfu katika kununua kile ambacho kazi inakidai. Israfu naiona zaidi katika kununua cha bei nafuu mara tatu.

Baada ya hapo babu na mjukuu wakagongana. Kijana alitaka nanga inayoshuka kwa amri, taa ya kijani kulia na nyekundu kushoto, na honi. Babu alitaka jambo moja tu: foromali ivuke. Katika jahazi la kweli, chombo kinapogeuza ubavu kwa upepo, mabaharia huisimamisha foromali na kuipitisha mbele ya mlingoti hadi upande wa pili, na demani huzungushwa pamoja nayo. Ni kazi ya watu wengi wenye mikono mepesi. Tulijaribu juu ya kielelezo cha mianzi, kwa sevo moja ya kuinua foromali na winchi ya pili. Katika majaribio matano, mawili kamba ilijisokota mlingotini. Babu alinyamaza kidogo, akasema: "Iacheni upande mmoja. Ni aibu kwa nahodha, lakini litarudi nyumbani." Kweli, upande mmoja tanga hulalia mlingoti na mwendo hupungua, ila chombo huenda.

Tulinunua rimoti ya chaneli sita, kwa kuwa tofauti ya bei na ile ya mbili haikuwa kubwa. Mbili za usukani na demani, moja ya taa, moja ya nanga. Mbili hazina kazi bado. Jamaa aliyekuja kutoka Dubai alituletea, na betri za akiba za lithiamu alizibeba mkononi ndani ya ndege, kwani haziruhusiwi katika mizigo ya chini. Ndani ya jahazi tumetumia betri nne za nikeli za kuchaji, jumla volti 4.8, zikalazwa juu ya mkuku ziwe sehemu ya farumi.

Jambo moja zaidi, ambalo lingeliokoa jahazi la kwanza: rimoti nzuri huruhusu kupanga mapema chombo kifanye nini mawimbi yakikatika. Sisi tumepanga demani ilegee yote na usukani ulale kando. Na kila mkirudi, suuzeni vyote kwa maji baridi. Chumvi haina huruma na nyaya.

Jaribio tulifanya katika dimbwi linalobaki maji yakikupwa. Mjukuu alimkabidhi babu rimoti. Kidole gumba cha mzee kilitetemeka juu ya fimbo, na usukani, mtiifu kupita kiasi, ukatetemeka pamoja nacho. Jahazi likawa linapepesuka. Kijana aliichukua, akatafuta mahali pa kupunguza ukali wa fimbo, akaushusha hadi nusu, akairudisha kwa adabu bila kusema neno. Jahazi likanyooka, likavuka dimbwi.