Ghala la Sukari Lililo Mikononi: Nishati ya Seli, Misuli na Kisukari katika Mwambao wa Rumonge

Kisukari kwa kawaida huhesabiwa kuwa ugonjwa wa damu, kwa kuwa hupimwa katika tone la damu, na wataalamu wengi hukielezea kwa kuanzia kwenye kongosho, tezi iliyo nyuma ya tumbo inayotengeneza homoni ya insulini. Lakini glukosi, yaani sukari inayopatikana chakula cha wanga kinapomeng'enywa, haikukusudiwa kukaa katika damu, na mlaji wake mkuu, insulini inapokuwa juu, ni msuli. Majaribio ambayo mtu mwenye afya hutiwa insulini na glukosi mshipani kwa wakati mmoja yameonyesha kuwa takriban asilimia 80 ya glukosi hiyo huishia katika misuli. Kwa mji kama Rumonge, ulio ukingoni mwa Ziwa Tanganyika zaidi ya kilomita 70 kusini mwa Bujumbura, ambako watu huishi kwa muhogo, mawese, samaki na nguvu za mikono, haitoshi kuuliza ni wanga kiasi gani unaingia mdomoni bila kuuliza pia ni misuli kiasi gani ipo ya kuupokea, na misuli hiyo inafanya kazi gani.

Seli haitumii glukosi moja kwa moja, kama vile mpishi asivyopika kwa gogo zima. Nishati ya chakula hubadilishwa kwanza kuwa molekuli ndogo iitwayo adenosini trifosfati, ambayo kwa ufupi huandikwa ATP, na ni kuvunjika kwa molekuli hiyo ndiko kunakoufanya msuli ukunjamane. Usiku wa giza, wavuvi wa ndagala (dagaa) wanapowavuta samaki kwa mwanga wa taa na kisha kuupandisha wavu kati ya mitumbwi iliyofungwa pamoja, akiba ya ATP iliyo tayari katika misuli ya mikono yao hutosha sekunde chache tu, na kreatini fosfati, ambayo ni akiba ya pili, huongeza muda huo hadi sekunde kumi hivi. Baada ya hapo seli huanza kuvunja glukosi kwa haraka bila kutumia oksijeni, njia inayozalisha molekuli 2 tu za ATP kwa kila molekuli ya glukosi, wakati mitokondria, vijumba vidogo vilivyomo ndani ya seli, huichoma glukosi ileile kwa oksijeni na kupata takriban 30. Mzunguko mkuu wa uchomaji huo ulielezwa na Hans Krebs mwaka 1937. Kupiga kasia kwa saa nyingi ni kazi ya mitokondria. Kuuvuta wavu uliojaa kwa mkupuo mmoja ni kazi ya njia ile ya haraka.

Glukosi isiyohitajika papo hapo huwekwa akiba kwa kuunganishwa kuwa glikojeni, na hapa ndipo ukubwa wa misuli unapokuwa jambo la kitabibu wala si la urembo, kwa sababu mtu mzima huweza kuhifadhi takriban gramu 400 za glikojeni katika misuli na 100 tu katika ini. Tofauti ni kwamba ini hurudisha glukosi yake katika damu mtu anapofunga kula, ilhali msuli hauna kimeng'enya cha kuiachilia. Kilichoingia humo hakitoki ila kwa kutumika. Kwa hiyo msuli uliojaa na usiofanya kazi hauwezi kupokea zaidi, nao mlo wa jioni wa ugali wa muhogo, ambao karibu wote ni wanga, hubaki ukizunguka katika damu kwa muda mrefu kuliko inavyofaa.

Mlango wa ghala hilo ni protini iitwayo GLUT4, ambayo wakati wa njaa hukaa ndani ya seli na baada ya kula huitwa na insulini ije kwenye utando wa nje ili ipitishe glukosi. Lipo, hata hivyo, jambo ambalo pengine ndilo lenye manufaa zaidi katika elimu yote ya kisukari, nalo ni kwamba msuli unaokunjamana huileta GLUT4 nje wenyewe, bila kuisubiri insulini, kwa sababu kushuka kwa ATP na kubadilika kwa madini ya kalsiamu ndani ya seli hutoa ishara ya pili inayopita njia nyingine kabisa. Mgonjwa wa kisukari cha aina ya 2, ambaye insulini anayo lakini seli zake haziisikii vizuri, huwa ameharibikiwa njia ya kwanza, huku ya pili ikibaki karibu nzima. Ndiyo maana kutembea baada ya kula hushusha sukari hata kwa mtu ambaye insulini yake imekuwa dhaifu, na ndiyo maana pia kasia linapoachiwa injini, na mguu kuachiwa pikipiki ya abiria, mwili hupoteza kitu ambacho hakuna mtu aliyekihesabu kuwa dawa.

Kwa nini msuli huacha kuisikia insulini? Mwaka 1963 Philip Randle na wenzake nchini Uingereza walionyesha kuwa mafuta na glukosi hushindania uchomaji uleule, hata mafuta yakizidi glukosi hukataliwa. Utafiti wa baadaye uliongeza kuwa mafuta yanayoingia katika seli ya msuli bila kuchomwa huacha mabaki yanayozuia ishara ya insulini kufika kwenye mlango wake, na kwamba katika maabara asidi ya mafuta iitwayo palmitiki huleta kasoro hiyo kwa urahisi zaidi kuliko ile iitwayo oleiki. Habari hii ni ya karibu sana na Rumonge, kitovu cha michikichi nchini Burundi, kwa kuwa mawese yana takriban asilimia 44 ya asidi ya palmitiki na karibu asilimia 40 ya oleiki. Lakini itakuwa pupa kuyahukumu mawese kwa hesabu hiyo peke yake, maana mawese mekundu yana karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na misuli ya wakimbiaji wa masafa marefu imekutwa na matone mengi ya mafuta kama ya wagonjwa wa kisukari huku ikiisikia insulini barabara. Mkimbiaji huyachoma mafuta hayo kila siku. Kinachodhuru ni mafuta yanayokaa.

Muhogo nao uliwahi kushtakiwa. Muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha hubaki na sianidi, sumu inayokifunga kimeng'enya cha mwisho katika mitokondria na kuzuia oksijeni isitumike, na kwa hiyo dhana ya kuwa ulaji wa muhogo huharibu kongosho ilijadiliwa kwa miaka mingi. Kundi la watafiti nchini Tanzania, wakiwemo A. B. Swai na Donald McLarty wa Muhimbili, liliichunguza jamii iliyokuwa ikila muhogo wenye sianidi nyingi na mwaka 1992 likatangaza kuwa sumu hiyo haisababishi kisukari. Kuloweka muhogo kunabaki kuwa lazima, maana sianidi inaua na kupoozesha miguu, ila kesi ya kisukari ilifutwa.

Kilichobaki baada ya kesi hiyo ni utapiamlo wenyewe. Utafiti wa kitaifa wa afya wa Burundi wa 2016 na 2017 ulikuta asilimia 56 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na mtoto aliyedumaa hukua akiwa na misuli michache, na huenda pia na kongosho lenye seli chache za insulini. Nicholas Hales na David Barker walipendekeza mwaka 1992 kuwa mwili uliojengwa kwa uhaba hushindwa kuhimili shibe inapokuja ukubwani. Shirika la Afya Duniani liliitambua aina ya kisukari inayohusiana na utapiamlo mwaka 1985, likaiondoa katika orodha yake mwaka 1999, na mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari likairudisha kwa jina la aina ya 5. Uamuzi wa 1999 unaonekana leo kuwa wa haraka. Kwa watu wa mwambao kurudi huko kuna maana, kwani mgonjwa kijana aliyekonda hawezi kutibiwa kwa ushauri uleule wa kupunguza chakula anaopewa mfanyabiashara mnene wa mjini. Kinachomfaa ni protini ya kujenga misuli, nayo ndagala waliokaushwa, ambao zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini na huliwa na mifupa yao, ni chakula bora kwa kazi hiyo, ingawa mara nyingi hupakiwa magunia kwenda kuuzwa Bujumbura na bara kabla ya kufika katika vyungu vya nyumbani.

Uhusiano kati ya misuli na kisukari huenda pande zote mbili. Insulini, mbali na kufungua mlango wa glukosi, huzuia protini za msuli zisivunjwe, na kwa hiyo mgonjwa asiyetibiwa hukonda mapaja na mabega hata anapokula sana, kisha ghala lililopungua hupokea glukosi kidogo zaidi na sukari hupanda tena.

Kwa mvuvi anayetumia sindano ya insulini, zile njia mbili za kuufungua mlango wa glukosi huleta hatari ya kinyume. Anapojidunga jioni na kupiga kasia usiku, insulini na mkunjamano huivuta glukosi kwa pamoja, na msuli uliomaliza glikojeni huendelea kuinywa sukari ya damu kwa saa nyingi baada ya kazi, hivyo kushuka kwa hatari kunaweza kumkuta majini au amelala alfajiri, kukianza kwa jasho baridi, mtetemeko na maneno yasiyoeleweka ambayo wenzake huweza kudhani ni ulevi. Mvuvi wa namna hiyo huhitaji kupanga upya kipimo cha dawa na mganga wake kwa siku za uvuvi, kula kabla ya kuingia mtumbwini, na kubeba sukari ndani ya chupa iliyofungwa vizuri isiingie maji, mahali ambapo wenzake wanapajua.